Kurahisisha Mitajo Yenye Vipeo: Mwongozo Kamili, kwa Hesabu za Ziwa Victoria

Rahisisha: (2x³y⁻²)⁴ ÷ 8x⁵y

Swali la namna hii linawakwamisha wanafunzi wengi wa Kidato cha Pili hapa Mwanza, na si kwa sababu hawajui kanuni. Waulize kanuni za vipeo, watakutajia zote kama zilivyoandikwa ubaoni. Shida ni kwamba kanuni hizo zimekaa kichwani kila moja kivyake, hazijuani. Mtihani ukifika mtu anajiuliza: hapa vipeo vinajumlishwa au vinazidishwa? Basi anabahatisha, na mara nyingi anakosa.

Ninachotaka ushike ni hiki: kanuni zote za vipeo ni kuhesabu. Kila moja inajibu swali moja, "namba hii imezidishwa mara ngapi?" Ukilizoea swali hilo, hata kanuni ikikutoka katikati ya mtihani utaitengeneza upya kwenye karatasi ya rafu kwa nusu dakika. Kwa hiyo chukua daftari na kalamu. Somo hili halisomwi kwa macho matupu.

Kipeo kinahesabu nini

2⁵ = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 32

Ile 2 kubwa tuiite msingi. Ile 5 ndogo ya juu ndiyo kipeo, nacho kinahesabu msingi umeandikwa mara ngapi katika kuzidisha. Hakizidishwi na msingi, kwa hiyo 2⁵ si 10.

Tuchukue mfano ambao mtu yeyote wa kando ya ziwa anaujua: gugu maji, mmea unaoelea juu ya maji. Lilianza kuonekana Ziwa Victoria miaka ya 1980 ikielekea mwisho, na katika miaka ya 1990 likaziba mialo hadi mitumbwi ikashindwa kutoka. Likipata joto na virutubisho vya kutosha, eneo lake huweza kuongezeka mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Kwa ajili ya hesabu tuseme ni wiki mbili kamili, na kila wiki mbili tuziite awamu. Tunaanza na meta 1 ya mraba.

Awamu ya kwanza ikiisha tuna meta za mraba 2, ya pili 4, ya tatu 8. Baada ya awamu n tuna 2ⁿ.

Sasa kisia, na uandike makisio yako pembeni: ziwa zima lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi. Zingehitajika awamu ngapi ili meta 1 ya mraba ya gugu maji ifunike ziwa lote, kama hakuna cha kulizuia? Jibu tutalitafuta tukishapata zana za kulitafutia.

Kuzidisha: vipeo vinajumlishwa

2³ × 2⁴ = (2 × 2 × 2) × (2 × 2 × 2 × 2)

Hesabu zile 2: ziko saba. Jibu ni 2⁷. Ni sawa na kusema gugu limekaa awamu tatu, likaongeza awamu nne, jumla saba.

aᵐ × aⁿ = aᵐ⁺ⁿ

Herufi isiyo na kipeo ina kipeo 1. Kwa hiyo x³ × x⁴ × x = x⁸, si x⁷. Hii 1 isiyoonekana inapoteza alama nyingi sana, nami huwashauri wanaoanza waiandike kwa penseli mpaka jicho lizoee.

Msingi haubadiliki. Wapo wanaoandika 2³ × 2⁴ = 4⁷. Pima: 8 × 16 = 128, ambayo ndiyo 2⁷. Lakini 4⁷ ni 16,384.

Misingi ikitofautiana, vipeo haviunganishwi. 2³ × 5² inabaki 8 × 25 = 200. Kukiwa na namba mbele ya herufi, namba zinazidishwa kama kawaida na vipeo vinajumlishwa: 3x² × 5x⁴ = 15x⁶.

Na kanuni hii ni ya kuzidisha peke yake. x³ + x⁴ haiwi x⁷. Weka 2 mahali pa x: 8 + 16 = 24, wakati 2⁷ ni 128. Jumla x³ + x⁴ imeshafika mwisho wake kwa upande wa vipeo. Mitajo ikiwa ya aina moja, yaani herufi ile ile na kipeo kile kile, ndipo unapojumlisha, na hapo kipeo hakiguswi: x³ + x³ = 2x³.

Kugawanya: vipeo vinatolewa

Andika 2⁷ ÷ 2⁴ kama sehemu, zile 2 saba juu na nne chini. Kata nne za juu kwa nne za chini. Juu zinabaki tatu, yaani 2³.

aᵐ ÷ aⁿ = aᵐ⁻ⁿ, na a isiwe 0

12x⁹ ÷ 4x³ = 3x⁶. Namba zinagawanywa, vipeo vinatolewa. Anayeandika 3x³ amegawanya 9 kwa 3, yaani ameipeleka kazi ya namba kwenye vipeo.

Kipeo sifuri na kipeo hasi

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapokubali tu bila kuelewa.

Panga ngazi hii kwenye daftari lako, mstari mmoja baada ya mwingine:

2³ = 8
2² = 4
2¹ = 2
2⁰ = ?
2⁻¹ = ?
2⁻² = ?

Kila ukishuka hatua moja, kipeo kinapungua 1 na jibu linagawanywa kwa 2. Nane, nne, mbili. Endelea vivyo hivyo bila kubadili utaratibu: 1, kisha 1/2, kisha 1/4. Kwa hiyo 2⁰ = 1, 2⁻¹ = 1/2 na 2⁻² = 1/4. Hakuna aliyeamua tu kwamba sifuri itoe moja. Ni utaratibu ule ule umeendelea kushuka.

Njia ya pili inafika pale pale. 5³ ÷ 5³ ni kitu kugawanywa kwa chenyewe, jibu 1. Kwa kanuni ya kugawanya ni 5³⁻³ = 5⁰. Basi 5⁰ = 1, na ndivyo ilivyo kwa msingi wowote usio 0.

Rudi kwenye gugu maji. Awamu 0 ni siku tuliyoanza kuhesabu, tukiwa na meta 1 ya mraba. Awamu −1 ni wiki mbili kabla ya siku hiyo, ambapo gugu lilikuwa nusu meta ya mraba. Alama ya hasi kwenye kipeo inakupeleka nyuma, haikupeleki chini ya sifuri. Wiki mbili kabla gugu lilikuwa dogo zaidi, lakini lilikuwepo.

Kwa hiyo 2⁻³ = 1/8. Si −8, wala si −6.

a⁻ⁿ = 1/aⁿ

Kwa vitendo, kitu chenye kipeo hasi kikivuka mstari wa sehemu kinabadili alama ya kipeo chake. x⁻² ya juu inashuka kuwa x² ya chini. y⁻⁵ ya chini inapanda kuwa y⁵ ya juu. Kinachovuka kiwe kimezidishwa na vingine, si kimejumlishwa. Katika (x⁻² + 1)/y huwezi kuishusha x⁻² peke yake.

Sasa angalia 3x⁻². Je, ni 3/x² au 1/(3x²)? Jibu ni 3/x². Kipeo kinashika kile tu kilichokigusa. Hapa kimeigusa x, hakikuigusa 3, kwa hiyo 3 inabaki juu. Kikitakiwa kushika vyote viwili lazima kuwe na mabano: (3x)⁻² = 1/(9x²).

Sentensi hiyo, "kipeo kinashika kile tu kilichokigusa", iandike kwenye jalada la daftari. Ndiyo inayotofautisha pia −3² na (−3)². Katika −3² kipeo kimegusa 3 peke yake: unapata 9 kwanza, kisha unaweka alama ya hasi, jibu −9. Katika (−3)² kipeo kimegusa mabano yote: −3 × −3 = 9.

Mabano

(2³)⁴ maana yake 2³ × 2³ × 2³ × 2³. Makundi manne, kila kundi lina 2 tatu, jumla kumi na mbili: 2¹². Ndiyo maana vipeo vinazidishwa.

(aᵐ)ⁿ = aᵐⁿ

Weka kando kwa kando na ile ya kwanza: x³ × x⁴ = x⁷, lakini (x³)⁴ = x¹². Ukichanganyikiwa, ziandike kwa urefu uhesabu.

Ndani ya mabano kukiwa na vitu vingi vilivyozidishwa, kila kimoja kinapata kipeo:

(ab)ⁿ = aⁿbⁿ na (a/b)ⁿ = aⁿ/bⁿ

Kosa linalojirudia ni (2a)³ = 2a³. Fikiria tanki la maji lenye umbo la mchemraba, kila upande meta 1. Linachukua meta 1 ya ujazo, yaani lita 1,000. Fundi akitengeneza lingine ambalo kila upande ni mara mbili, halichukui lita 2,000. Urefu umeongezeka mara mbili, upana mara mbili, kimo mara mbili: 2 × 2 × 2 = 8, yaani lita 8,000. Hiyo ndiyo (2a)³ = 8a³, na mwenye nyumba anayesahau ile 8 atajenga kibaraza kisichoweza kubeba uzito wa tanki lake.

Sehemu yenye kipeo hasi geuza kwanza, juu iwe chini: (2/3)⁻² = (3/2)² = 9/4.

Kujumlisha ndani ya mabano ni habari nyingine kabisa. (3 + 4)² = 49, lakini 3² + 4² = 25. Kipeo hakigawiwi kwenye alama ya kujumlisha wala ya kutoa.

Utaratibu wa kufuata katika swali

Fanya kwa mpangilio huu mpaka mkono uzoee. Kwanza andika swali lote kama sehemu moja. Pili ondoa mabano. Tatu shughulikia namba peke yake. Nne chukua herufi moja moja, uimalize kabla ya kwenda nyingine. Mwisho geuza vipeo hasi viwe chanya, maana swali likisema "rahisisha", kwa kawaida jibu linatakiwa liwe na vipeo chanya.

Turudi kwenye swali la mwanzo. Kilichoko baada ya alama ya kugawanya, yaani 8x⁵y, chote kinakwenda chini ya mstari. Juu kuna (2x³y⁻²)⁴.

Mabano: 2⁴ = 16, kwa x ni 3 × 4, yaani x¹², na kwa y ni −2 × 4, yaani y⁻⁸. Juu tuna 16x¹²y⁻⁸.

Namba: 16 ÷ 8 = 2.

Herufi x: 12 − 5 = 7, x⁷.

Herufi y: −8 − 1 = −9, y⁻⁹. Ile y ya chini ina kipeo 1 kisichoandikwa, usiisahau.

Tumepata 2x⁷y⁻⁹, yaani 2x⁷/y⁹.

Sasa hakiki. Weka x = 2 na y = 1. Swali: (2 × 8 × 1)⁴ ÷ (8 × 32) = 65,536 ÷ 256 = 256. Jibu: 2 × 128 = 256. Zimelingana. Lakini kuweka 1 kunaficha makosa ya herufi hiyo, kwa sababu 1 kwa kipeo chochote ni 1. Kwa hiyo geuza: x = 1, y = 2. Swali: (2 × 1/4)⁴ ÷ 16 = 1/16 ÷ 16 = 1/256. Jibu: 2/512 = 1/256. Sasa unaweza kuendelea kwa amani. Uhakiki huu hauchukui hata dakika mbili, na katika mtihani wa hisabati ni nadra kupata njia ya kujua kabla ya msahihishaji kwamba umepata.

Swali jingine linaweza kuja likiwa na kipeo hasi nje ya mabano. Tuchukue hili:

(3a²b⁻³ / 6a⁻¹b)⁻²

Hapa usikimbilie kuondoa mabano. Rahisisha ndani kwanza, kazi inapungua nusu. Namba: 3/6 = 1/2. a: 2 − (−1) = 3. b: −3 − 1 = −4. Ndani kuna (1/2)a³b⁻⁴. Sasa kipeo −2: (1/2)⁻² = 4, a⁻⁶, b⁸. Jibu ni 4b⁸/a⁶. Angalia ile 2 − (−1): kutoa hasi ni kujumlisha, na hapo ndipo wengi wanaandika 1 badala ya 3.

Misingi ikiwa tofauti lakini ina asili moja, ibadili iwe mmoja. 8² × 4³ ÷ 2⁵: nane ni 2³, nne ni 2². Basi ni 2⁶ × 2⁶ ÷ 2⁵ = 2⁷ = 128.

Ziwa zima kwa vipeo vya 10

Kilomita 1 ni meta 10³. Kilomita 1 ya mraba ni (10³)² = 10⁶ za meta za mraba, na kilomita 1 ya ujazo ni (10³)³ = 10⁹ za meta za ujazo. Hizi hazihitaji kukaririwa, ni kanuni ya mabano tu.

Eneo la ziwa ni 6.88 × 10⁴ km², sawa na 6.88 × 10⁴ × 10⁶ = 6.88 × 10¹⁰ m². Ziwa Victoria ni pana lakini si la kina kirefu. Wastani wa kina chake ni meta 40 hivi, yaani 4 × 10¹. Ujazo:

6.88 × 10¹⁰ × 4 × 10¹ = 27.52 × 10¹¹ = 2.752 × 10¹² m³

Gawa kwa 10⁹ upate kilomita za ujazo: 2.752 × 10³, kama 2,750. Kila meta ya ujazo ni lita 10³, kwa hiyo maji ya ziwa ni lita 2.752 × 10¹⁵ hivi. Jaribu kufanya hesabu hiyo huku sifuri zote zimeandikwa, uone vipeo vinakuokolea muda gani.

Sasa gugu maji. Tunatafuta n ili 2ⁿ ifikie 6.88 × 10¹⁰. Tunajua 2¹⁰ = 1,024, karibu sawa na 10³. Basi 2³⁰ = (2¹⁰)³, karibu 10⁹. Tunahitaji kama mara 69 ya hapo, na 2⁶ = 64. Jaribu 2³⁰ × 2⁶ = 2³⁶. Kwa ukamilifu ni 68,719,476,736. Gawa kwa 10⁶: kilomita za mraba 68,719. Ndilo ziwa zima, karibu kabisa.

Awamu 36, wiki 72, chini ya mwaka mmoja na nusu. Wengi niliowahi kuwapa swali hili hukisia maelfu.

Ziwani haifiki huko, kwa kuwa virutubisho havilingani kila mahali, upepo na mawimbi hulisukuma na kulivunja, na katika miaka ya 1990 waliachiliwa mbawakavu, wadudu wanaolila. Lakini uliza zaidi: kwa hesabu yetu, awamu ya 30 lingekuwa limefunika sehemu gani ya ziwa? 2³⁰ ÷ 2³⁶ = 2⁻⁶ = 1/64. Wiki 12 kabla ya kufunikwa lote, mtu aliyesimama Capri Point, hapa Mwanza kando ya ziwa, angeweza kuona maji wazi na kudhani hakuna la kuhangaikia. Hapo kipeo hasi kinasema jambo zito.

Kipeo kikiwa sehemu

Kwa ufupi: x^(1/2), yaani x yenye kipeo 1/2, ni kitu ambacho ukikizidisha chenyewe kwa chenyewe unapata x, kwa sababu 1/2 + 1/2 = 1. Kitu hicho ni kipeuo cha pili, √x. Vivyo hivyo 8^(1/3) ni kipeuo cha tatu cha 8, yaani 2. Katika 8^(2/3), chini ya sehemu kunaonyesha kipeuo na juu kunaonyesha kipeo: 2² = 4. Anza na kipeuo, namba zinabaki ndogo.

Mazoezi

Fanya yote kabla ya kutazama majibu.

1. 5x⁴ × 2x × x³
2. 18m⁷n² ÷ 6m³n⁵
3. (−2p³)² × 3p⁻⁶
4. (x² / 3y)⁻³, ambapo 3y yote iko chini
5. 9ⁿ⁺¹ ÷ 3²ⁿ
6. Gugu maji likianza na meta 1 ya mraba, ni awamu ya ngapi eneo lake linapita kilomita 1 ya mraba kwa mara ya kwanza?

Majibu.

La 1 ni 10x⁸. Ukipata 10x⁷, umeisahau x yenye kipeo 1.

La 2 ni 3m⁴/n³, kwa kuwa 2 − 5 = −3 na n inashuka chini.

La 3 ni 12. Mabano yanatoa 4p⁶, na p⁶ × p⁻⁶ = p⁰ = 1. Herufi imetoweka kabisa, usishtuke.

La 4: geuza kwanza iwe (3y/x²)³, upate 27y³/x⁶. Ukiandika 3y³, kipeo hakikuigusa 3 ilhali iko ndani ya mabano.

La 5: 9 ni 3², kwa hiyo juu ni 3²ⁿ⁺². Toa 2n, inabaki 3² = 9, n iwe namba yoyote ile.

La 6: kilomita 1 ya mraba ni meta za mraba 10⁶. Awamu ya 19 inatoa 524,288, haijafika. Awamu ya 20 inatoa 1,048,576, imepita. Ni wiki ya 40, na kutoka hapo hadi ziwa zima ni 2³⁶ ÷ 2²⁰ = 2¹⁶, awamu 16 tu.